Nyaya za Rangi ya Chungwa

Kila asubuhi Mama Pacha ndiye aliyefungua geti. Kwanza alifungua duka lake la vipuri lililotazama barabara. Kisha alipita nyuma, kwenye gereji ya mume wake na shemeji yake. Alifagia uwanja. Alimwaga mchanga juu ya madoa ya oili. Alichemsha chai na kuiweka juu ya pipa lililogeuzwa kuwa meza. Ndugu wawili walipofika, walikunywa wakiwa wamesimama, wakaanza kazi.

Ndugu mkubwa aliitwa Daktari. Hakuwahi kusomea udaktari. Aliitwa hivyo kwa sababu ya sikio lake. Aliinamia injini, akasikiliza, halafu akasema gari linaumwa wapi. Mara nyingi hakukosea. Na gari alilolijua kuliko yote lilikuwa lile dogo la mviringo ambalo watu wa mji walilipachika jina la Yai.

Yai lilikuwa gari la kila mtu. Walimu walikuwa nalo. Wenye teksi walikuwa nalo. Lilikuwa dogo, halikusumbua, na vipuri vyake vilipatikana kila kona. Hivyo Daktari akawa Daktari wa Mayai. Siku moja mama mmoja mgeni alisikia jina hilo, akamletea kuku anayehema vibaya. Daktari hakumfukuza. Alimsikiliza yule kuku kifuani, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, huyu plagi zake zimekwisha." Gereji nzima ilicheka. Yule mama naye alicheka, akaondoka na kuku wake.

Ndugu mdogo alikuwa mume wa Mama Pacha. Watu walimwita Baba Pacha kwa sababu ya watoto wao mapacha. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Wazazi wao walifariki mapema. Daktari ndiye aliyemlea. Daktari ndiye aliyemfundisha kushika spana. Kwa hiyo kaka yake akisema fungua, Baba Pacha alifungua. Akisema funga, alifunga.

Mwaka ule bei ya petroli ilipanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Watu walianza kuacha magari nyumbani. Ndipo habari zikaenea kwamba kampuni inayotengeneza Yai imeleta Yai jipya. Kwa nje lilikuwa lile lile. Milango ile ile, taa zile zile. Tofauti ilikuwa alama ndogo ya kijani nyuma, karibu na namba. Kampuni ililiita gari la mseto. Watu waliona jina hilo ni refu, wakasema haibridi.

Siku moja ubishi ulizuka gerejini.

"Kampuni imefanya jambo la maana," alisema mwenyekiti wa wenye teksi, ambaye gari lake lilikuwa linabadilishwa oili. "Yai letu lile lile, ila halili mafuta. Wangefanya hivi zamani. Sisi tunajiandaa kuagiza ya kutosha chama kizima."

"Gari moja, injini mbili," Daktari alijibu. "Mwenyekiti, mke mmoja tu amekushinda. Hizo mbili utaziweza?"

Watu waliangua kicheko.

"Halafu unalichomeka wapi?" aliuliza dereva mwingine. "Kwangu umeme unakatika kila siku."

"Silichomeki popote," ilisema sauti kutoka getini.

Alikuwa mkunga wa zahanati. Yeye alikuwa ameshalinunua. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mjini kuwaona wajawazito na wazazi wapya. Kiti cha nyuma cha gari lake kilijaa mablanketi ya watoto, mabunda ya pamba na maboksi ya dawa.

"Naweka petroli kama nyinyi," aliwaeleza. "Ndani kuna injini ya petroli na mota ya umeme. Zinasaidiana. Nikiwa kwenye foleni, injini inazima, mota inalisukuma gari. Nikikanyaga breki, magurudumu yanaizungusha ile mota, na betri inapata chaji. Hivyo tu. Siku hizi wale vijana wa kituo cha mafuta wananiuliza kama nilihama mji."

Nyumba ya jirani ilitenganishwa na gereji kwa ukuta mfupi. Hapo aliishi mwanamke mmoja aliyefundisha umeme wa magari katika chuo cha ufundi. Alikuwa anaanika nguo. Alisikia mazungumzo, akaegemea ukuta.

"Mkunga anasema kweli," alisema. "Kwa safari za mjini, za kusimama kila mara, hilo gari linaokoa mafuta mengi. Kwa anayeendesha barabara kuu kutwa nzima, faida ni ndogo. Lakini Daktari, likikujia hapa, usilifungue kabla hujaniita. Lina umeme mkali."

Daktari alifuta mikono yake kwa kitambaa.

"Mwalimu, mimi nilianza kufungua Yai wewe ukiwa bado unafungwa nepi."

Watu wakacheka tena. Mwalimu naye akacheka. Alichukua beseni lake, akaingia ndani. Mama Pacha alikuwa anakusanya vikombe. Alimwona mume wake akitabasamu na kutikisa kichwa. Hakuna aliyelifikiria tena jambo lile.

*

Lile Yai la mkunga lilikuja gerejini asubuhi moja ya jua kali. Kwenye dashibodi taa nyekundu ilikuwa inawaka. Gari lilikuwa limepoteza nguvu.

"Nimewapigia simu walioniuzia," mkunga alisema. Alionekana amechoka. "Wanasema fundi wao yuko mji mwingine. Nisubiri zamu yangu. Nitasubiri mpaka lini? Nina mama wawili wanaokaribia kujifungua, na kwao ni mbali."

Daktari alilizunguka gari. Alifungua boneti, akasikiliza. Injini ilikuwa safi. Alishusha boneti.

"Ugonjwa uko kwenye betri kubwa," alisema. "Iko chini ya kiti cha nyuma. Mdogo wangu, shusha hayo mablanketi. Ng'oa kiti, tuione."

"Tumwite mwalimu?" Baba Pacha aliuliza.

"Mwalimu yuko chuoni. Wewe unataka mama wa watu asubiri mpaka jioni? Gari ni lile lile. Chomoa waya wa betri ndogo, umeme wote utakatika. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Baba Pacha alichomoa waya wa betri ndogo. Taa zote za gari zilizimika. Alibonyeza honi, haikulia. Akaamini kwamba gari limekufa kabisa. Aliteremsha mablanketi na maboksi. Aling'oa kiti. Chini yake palikuwa na sanduku pana la chuma. Alifungua mfuniko. Ndani yake mlikuwa na betri zimepangwa kwa safu, na nyaya nene za rangi ya chungwa.

"Rangi nzuri," Daktari alisema. "Wametupambia." Akampa spana.

Mama Pacha alikuwa dukani akimtafutia mteja skrubu. Alisikia mlio mfupi, kama kitu kinapasuka. Kisha alimsikia Daktari akipiga ukelele. Sauti ile hakuwahi kuisikia kwake hata siku moja. Aliacha droo wazi, akakimbia.

Mume wake alikuwa ameinama ndani ya gari. Mkono mmoja ulikuwa kwenye spana. Mkono wa pili ulikuwa umeegemea upande mwingine wa betri. Mwili wake ulitetemeka lakini mikono haikuachia. Mama Pacha alijirusha ili amvute.

"Usimguse!" mkunga alipaza sauti, akamkamata nguo. "Ukimshika mtakufa wote! Ufagio! Leta ufagio wa mti!"

Mkunga aliuchukua ufagio ule ule uliofagilia uwanja asubuhi. Mpini wake ulikuwa mkavu. Kwa mpini huo aliisukuma mikono ya Baba Pacha mpaka ikatoka. Baba Pacha alianguka chali, nusu ndani ya gari, nusu nje. Walimvuta, wakamlaza chini. Hakuwa anapumua.

Mkunga alipiga magoti. Aliweka viganja vyake katikati ya kifua, akakandamiza kwa nguvu, haraka haraka, bila kupumzika. Aliwaambia wengine watafute gari. Alikandamiza mpaka jasho likamdondoka puani. Alikandamiza ndani ya teksi, njia nzima. Alikandamiza mpaka mlangoni kwa daktari, yule daktari wa hospitali, ambaye alimshika bega taratibu na kumwambia aache.

Baba Pacha alikuwa amekufa.

*

Baada ya mazishi gereji ilibaki imefungwa. Yai la mkunga lilikuwa bado uwanjani, milango wazi, kiti chake kikiwa kimeegemezwa ukutani. Hakuna aliyetaka kulisogelea. Daktari alikuwa anakaa nyumbani kwake akiutazama ukuta. Mkewe alisema hali chakula vizuri wala hasemi.

Mwalimu ndiye aliyekuja kwa Mama Pacha.

"Nikuombe ruhusa," alisema. "Lile gari haliwezi kukaa wazi vile. Mtu mwingine ataumia. Niache nilifunge. Na nitazame lilikuwa na nini."

"Tazama," Mama Pacha alisema. "Na mimi nitatazama."

Mwalimu alikuja na begi. Alitoa glovu nene za mpira. Kabla ya kuzivaa, aliukunja mdomo wa kila glovu ili hewa isitoke, akaibana na kuiweka karibu na shavu.

"Nasikiliza kama inavuja," alieleza. "Tundu dogo kama la sindano linatosha kuua."

Alivaa. Aliutafuta ufunguo wa gari, akampa Mama Pacha aende nao dukani. "Gari hili linaweza kuonekana limezima, kumbe liko tayari kuondoka. Halina mlio. Kwa hiyo ufunguo lazima uwe mbali." Kisha alionyesha kitu chenye kishikio, ubavuni mwa lile sanduku. Alikivuta, kikatoka. Akakitia mfukoni mwake.

"Hii ni plagi ya usalama. Inaikata betri kubwa katikati. Naiweka mfukoni ili mtu asije akairudisha mimi nikiwa bado ndani."

"Mume wangu hakuichomoa."

"Hakuijua. Alichomoa betri ndogo. Ile inawasha taa na honi tu. Umeme wake hauui. Ndiyo maana honi haikulia, naye akaamini. Lakini ndani ya sanduku hili umeme haulali. Waya wowote wa rangi ya chungwa maana yake ni hiyo. Usiguse. Ni onyo, dunia nzima."

Mama Pacha alikumbuka jinsi Daktari alivyosimulia siku ya mazishi, akilia, kwamba alisema rangi ni nzuri.

"Sasa unafanya nini?" aliuliza, kwa sababu mwalimu alikuwa amesimama tu.

"Nasubiri. Dakika kumi, au zaidi kama kitabu cha gari kinasema hivyo. Kuna vifaa vinavyobaki na umeme hata baada ya kukata, kama bomba linavyobaki na maji baada ya kufungwa koki. Nikimaliza kusubiri napima. Kipimo kikisema hakuna, ndipo nafanya kazi. Na hata hivyo glovu sizivui, kwa sababu ndani ya zile betri zenyewe umeme bado upo."

Walisubiri. Kisha mwalimu alipima, akaanza kuangalia hapa na pale kwa tochi. Aliinama karibu na mahali kiti kilipokuwa. Palikuwa na matundu madogo, kama ya kwenye feni. Aliingiza vidole, akatoa kitu. Kilikuwa kibonge cha manyoya ya blanketi na pamba, kimeshikana na vumbi. Akatoa kingine. Akatoa kingine.

Alikaa chini, na vile vibonge kiganjani.

"Nini?" Mama Pacha aliuliza. "Sema."

"Betri kubwa inapata joto. Feni inavuta hewa kupitia matundu haya ili iipoze. Mizigo ikiyaziba, au manyoya yakijaa, betri inachemka. Ndipo taa nyekundu inawaka, na gari linajipunguzia nguvu ili lisiungue." Alionyesha matundu kwa kidole. "Hapa hapakuhitajika spana, Mama Pacha. Palihitajika brashi."

Mama Pacha alinyoosha mkono. Mwalimu akampa vile vibonge. Vilikuwa vyepesi. Vingeweza kupeperuka na upepo.

"Kwa hivi?" alisema. "Mume wangu kwa hivi?"

Mwalimu alisema, "Nilipaswa kuruka ule ukuta siku ile. Nilipaswa kusema kwa nguvu. Niliona aibu kubishana naye mbele ya wateja wake."

"Ulisema," Mama Pacha alijibu. "Na sisi tulicheka."

Mkunga alipoambiwa, alikaa chini hapo hapo kwenye sakafu ya zahanati.

"Nilipolinunua walinionyesha redio," alisema. "Walinionyesha kamera ya nyuma. Walinionyesha mahali pa kuweka chupa ya maji. Hakuna aliyeniambia nisizibe matundu. Mama Pacha, nakuapia, hakuna aliyeniambia."

*

Mama Pacha alikwenda nyumbani kwa shemeji yake. Alimkuta barazani.

"Vaa viatu," alimwambia. "Tunakwenda kwa waliouza gari."

"Mimi siwezi kwenda popote."

"Utakwenda. Mimi nitawaambia nini kuhusu magari? Wewe ndiye fundi."

"Mimi ndiye niliyempa spana."

"Najua," Mama Pacha alisema. "Vaa viatu."

Duka la magari lilikuwa na vioo virefu na sakafu inayong'aa. Yai la haibridi lilisimama katikati, limefungwa utepe. Meneja aliwapokea kwa adabu. Aliwapa pole. Aliwapa maji ya kunywa. Alipoulizwa alieleza bila kusita.

"Kitabu cha gari kinasema wazi. Fundi asiye wa kwetu haruhusiwi kufungua betri."

"Kitabu kiko wapi?" Daktari aliuliza.

"Ndani ya gari. Kwenye droo ya dashibodi."

"Kimeandikwa kwa lugha gani?"

Meneja alikohoa. "Ya kiwandani."

"Na fundi wenu yuko wapi?"

"Yuko mji mwingine. Ila tuna mpango wa—"

"Kwa nini mlilifanya lifanane?" Mama Pacha alimkata kauli. "Kwa nini halikuwa gari jingine, tukalijua kuwa ni jingine?"

Jibu la meneja lilikuwa la kweli.

"Mama, watu wanaliamini Yai. Tungeleta gari la sura ngeni, wangeliogopa. Tulitaka wazoee teknolojia mpya kupitia gari wanalolipenda."

"Na sisi tuliliamini," Daktari alisema. "Miaka yote nimeshika gari lenu. Mliponiletea sura ile ile, mlitegemea nijue vipi kwamba ndani ni kitu kingine?"

"Kuna alama ya kijani nyuma," meneja alisema.

Daktari aligeuka, akamtazama Mama Pacha. Walisimama, wakaondoka. Maji ya kunywa walikuwa hawajayagusa.

Njiani Mama Pacha alisema, "Nitakwenda kila ofisi. Nitasema magari haya yapigwe marufuku."

Jioni ile alimwambia mwalimu maneno hayo hayo, wakiwa wamesimama kila mtu upande wake wa ukuta.

"Ukitaka nikusindikize, nitakusindikiza," mwalimu alisema. "Lakini nisikilize kwanza. Petroli nayo inaua. Jeki ikiteleza inaua. Hayo mafundi wanayajua kwa sababu walifundishwa. Lile gari linafaa. Linapunguza mafuta, linapunguza moshi. Na watu wataendelea kulinunua, upende usipende, kwa sababu hawana uwezo wa kununua mafuta. Likipigwa marufuku hapa, yataingia magari yaliyotumika kutoka kwingine, bila hata huyo meneja wa kumuuliza. Watengeneze. Wauze. Lakini wauze pamoja na maarifa. Gari lisitangulie likafika kabla ya mafunzo."

"Na nani atawalazimisha?"

"Anayenunua."

Mama Pacha alilala na neno hilo. Asubuhi alimtafuta mwenyekiti wa wenye teksi.

Mwenyekiti hakuhitaji kushawishiwa sana. Yeye ndiye aliyeendesha teksi iliyompeleka Baba Pacha hospitali. Aliwakusanya wanachama wake. Walikwenda kwa meneja wakiwa wengi, wakajaza lile duka la vioo. Walisema wanayataka Mayai ya haibridi. Pesa wanazo. Lakini hawataagiza hata moja mpaka kampuni ifundishe mafundi wa mitaani, ilete glovu na vipimo, na iandike maonyo kwa lugha ya watu, ndani ya gari, mahali pa kuonekana. Na kila mnunuzi aonyeshwe matundu ya hewa kabla hajaonyeshwa redio.

Maneno ya mjane meneja aliyasikiliza kwa adabu. Maneno ya wanunuzi aliyaandika.

*

Mafunzo yalifanyika katika karakana ya chuo. Kampuni ilimleta fundi wake, na mwalimu alifundisha pamoja naye. Siku moja kabla ya darasa la kwanza, Daktari alikuja dukani kwa Mama Pacha.

"Sitakwenda," alisema. "Watu wananitazama. Nitakaaje dawati moja na vijana niliowafundisha mimi kushika spana? Wananiona kama muuaji."

Mama Pacha alikuwa anapanga mikanda ya feni kwenye misumari. Hakugeuka.

"Shemeji, mimi sijakusamehe," alisema. "Nimejaribu. Nikilala nakuona ukimpa ile spana. Labda nitaweza siku moja, labda sitaweza. Lakini gereji nitaifungua, kwa sababu watoto wanakula. Na aliyebaki wa kuifanyia kazi ni wewe. Kwa hiyo utakwenda. Utakaa dawati la mbele. Usichokielewa utauliza, hata kama wakicheka."

Daktari akasema, "Sawa, Mama Pacha."

Alikwenda. Alikaa dawati la mbele. Siku ya kwanza aliuliza kwa nini umeme hauzimi betri ndogo ikichomolewa. Hakuna aliyecheka. Mafundi wengi walikuwa wanataka kuuliza hilo hilo. Wengine walikiri kwamba nao walikuwa wameshachomoa nyaya za rangi ya chungwa kwa mikono mitupu, wakanusurika bila kujua.

Gereji ilifunguliwa tena. Kona moja ya uwanja ilizungushiwa kamba. Likija gari la haibridi, lilisimama hapo peke yake. Daktari alipeleka ufunguo dukani. Alizisikiliza glovu zake shavuni. Alichomoa plagi, akaitia mfukoni. Alisubiri. Alipima. Wateja wenye haraka walimnung'unikia, naye aliendelea kuitazama saa. Siku nyingi alikuta kwamba gari linataka brashi tu. Hizo ndizo siku ambazo aliondoka mapema, bila kuaga.

Wenye teksi waliagiza magari yao. Mkunga aliendelea na lake, mablanketi yakiwa ndani ya boksi lenye mfuniko, mbali na matundu. Foleni za kituo cha mafuta zilipungua. Watu walisema kampuni imefanya jambo la maana, kulitengeneza Yai la namna hii, na kwamba wenye viwanda wengine nao wafanye hivyo kwa magari yao madogo. Kampuni yenyewe ilibandika picha kubwa ya lile darasa kwenye kioo chake. Chini yake iliandika kwamba inawajali mafundi. Walimwomba Mama Pacha aje apigwe picha. Alisema ana kazi.

Msimu wa mvua ulipoanza, fundi kijana wa mtaa wa tatu aliingia dukani akitaka taa ya breki. Alikuwa na furaha, na alikuwa na hadithi.

"Mama Pacha, jana kidogo nife!" alisema akicheka. "Nimefungua haibridi. Nimechomoa plagi, nimesubiri kama tulivyofundishwa. Nikajiambia, hapa hakuna kitu, kupima ni kupoteza muda. Halafu nikasema ngoja nipime tu. We! Umeme ulikuwepo wote! Kumbe kulikuwa na kitu kimeharibika ndani, haukukatika. Nilirudi nyuma, nikaangukia ndoo ya oili chafu. Mke wangu alifua suruali huku ananitukana mpaka usiku!"

Wateja wawili waliokuwapo walicheka. Mama Pacha aliteremsha taa ya breki kutoka rafu ya juu. Aliipangusa vumbi. Aliifunga kwenye gazeti, vizuri, kama mtu anayefunga kitu kinachovunjika kwa urahisi.

"Umefanya vyema kupima," alimwambia. "Na kesho upime hivyo hivyo."

"Nitapima, mama. Nani anataka kufa?"

Alilipa, akatoka akipiga mluzi. Mama Pacha alimhudumia mteja aliyefuata, na mwingine baada yake. Duka lilipobaki tupu, alikwenda stoo, akaketi juu ya katoni za chujio, akajifunika uso kwa khanga. Alikaa hivyo mpaka mtu mwingine akagonga kaunta na kuuliza kama kuna mtu.

"Nipo," alisema. "Nakuja."